Njia ya Kabambare

Oktoba 1876 msafara wa Henry Morton Stanley uliingia Kabambare ukitokea Ziwa Tanganyika. Kati ya wapagazi, askari na wanawake waliobeba watoto mgongoni alikuwamo kijana mmoja aliyekwisha kuiona London na New York, aliyesoma katika shule moja ya Wandsworth, na ambaye sanamu yake ya nta iliwahi kusimamishwa katika jumba la Madame Tussaud. Alijulikana kwa jina la Kalulu. Ndiyo kwanza alikuwa anabalehe, na kabla miezi sita haijatimia mto ulimchukua.

Habari zake nilizisikia mara ya kwanza Kasongo, katika Zaire ya miaka ya 1980, tukiwa darasani, na tangu siku ile sijaweza kumtenganisha na rafiki yangu niliyekuwa naye dawati moja. Rafiki yangu alikuwa mtoto wa Kabambare. Naye alikufa ghafla, akiwa na miaka 16. Safari ninayoisimulia hapa ni ya kwenda kwao, kumwona mama yake.

Mtu akifa mzee huacha watoto, mashamba, madeni, ugomvi uliopatanishwa na ambao haukupatanishwa. Watu wengi hubaki na kipande chake. Kijana akifa hakuachii kitu cha kushika. Wazazi wanabaki na mtoto waliyemlea, lakini yule mtu aliyekuwa anataka kuwa, huyo walimwona rafiki zake, kwa sababu ni mbele yao alikokuwa akijijaribu, usiku bwenini, sokoni, njiani. Mimi nilikuwa na kipande hicho, na mama yule alikuwa na haki nacho. Kati yangu na yeye vilikaa vita vya 1996, vikaja vya 1998, halafu miaka ya wanamgambo wa Mai-Mai na bunduki za kila mtu. Maisha yalinivusha ziwa hadi Kigoma, mji ambamo Wamanyema wamejaa tangu enzi za misafara, na Ujiji bado utasikia mzee akitaja Kabambare na Nyangwe kama mtu anayetaja mtaa wa pili.

Hatimaye nilirudi, nikafika Kasongo kwa njia ya Kindu. Mji ninaoufahamu mimi, ulio juu ya vilima, ni Kasongo mpya. Ule wa kale ulikuwa Tongoni, karibu na bonde la mto Lualaba. Hapo ndipo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alipoweka makao yake, na ni katika nchi hiyo, Oktoba hiyo hiyo ya 1876, Stanley alikutana naye wakapatana amsindikize kuteremka mto kwa dola 5,000. Majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji wa kale Aprili 1893. Baadaye malale ikawahamisha watu kuja vilimani. Mpunga ulioletwa na Waungwana, watu wa misafara ya pwani, haukuhama na mtu yeyote: ukitembea Kasongo wakati wa mavuno utaukuta umeanikwa kila uwanja, na wali wa Maniema haujapata mshindani kwangu mpaka leo.

Shule yetu sitaitaja. Inatosha kusema ilikuwa na bweni refu, vitanda vya chuma, na ukuta mmoja mweupe ambao rafiki yangu aliutia mkaa. Alichora ramani ya Afrika. Wengine tukichora Afrika tunaanza na pwani, Moroko kuteremka mpaka Rasi, kisha tunajaza ndani. Yeye alianza na nukta katikati ya ukuta, akaandika pembeni yake "Kabambare". Kutoka hapo akavuta mto Luama mpaka ukaingia Lualaba, akauzungusha Lualaba kaskazini, magharibi, mpaka bahari ya Atlantiki. Akarudi kwenye nukta, akavuta njia ya mashariki hadi Tanganyika, Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Mwisho kabisa ndipo alipolizungushia bara ukingo wake, na kwa vile nafasi ilikuwa imekwisha, Misri ikapinda pembeni mwa dirisha. Kiongozi wa bweni alimwamuru aufute ukuta. Aliufuta kwa kitambaa na maji, lakini alama ya mto ilibaki mpaka tulipoondoka.

Mwalimu wetu wa historia aliiona ile ramani kabla haijafutwa, na nadhani ndiyo iliyomfanya atueleze habari za Kalulu. Wakati ule Stanley hakuwa mtu wa kusifiwa. Sanamu yake kubwa iliyokuwa kilimani Kinshasa ilikwisha kuondolewa zama za Mobutu. Mwalimu alisema: achaneni naye Stanley, nitawapa hadithi ya mtoto wa umri wenu. Mwaka 1871, pale Unyanyembe, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa Stanley mtoto awe zawadi. Jina lake lilikuwa Ndugu Mali. Stanley hakulipenda, akataka jingine, ndipo akaitwa Kalulu. Alikuwa naye alipokutana na Livingstone Ujiji. Stanley akaondoka naye, wakapitia Shelisheli, wakaenda Ulaya na Marekani, akapigwa picha studio London akiwa ameshika bunduki nyuma ya bwana wake, akahudhuria mazishi ya Livingstone mwaka 1874, na mwaka huohuo akarudishwa Afrika kwa safari kubwa ya kuvuka bara. Stanley alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha hadithi kwa jina lake, *My Kalulu*, kilichotoka 1873.

Rafiki yangu alinyoosha mkono. Hakuuliza habari za London. Aliuliza: "Mwalimu, alipofika Kabambare aliogelea Luama?"

Darasa likacheka. Mwalimu akasema vitabu havikuandika. "Basi aliogelea," alisema rafiki yangu, akakaa. Jambo hilo tulibishana mwaka mzima. Mimi nilisema mtu anayetembea na msafara wa Stanley hana nafasi ya kuogelea. Yeye alisema Luama iko karibu na Kabambare, joto la Oktoba linajulikana, na mtoto ni mtoto hata kama amefika London.

*

Kutoka Kasongo kwenda Kabambare nilikodi pikipiki. Mvua zilikuwa zimeanza. Madaraja ya magogo yalikuwa yanateleza, na kila tulipofika kwenye daraja dereva aliniomba nishuke, akavuka peke yake polepole miguu yote miwili ikigusa magogo, nami nikafuata nyuma nikiangalia maji kati ya mti na mti. Pale ambapo lori la miaka iliyopita lilichimba mashimo, pikipiki hupita ukingoni juu, kwenye kijia kilichokanyagwa na miguu na magurudumu ya baiskeli.

Hizo baiskeli ndizo nilizozitazama zaidi. Tulipokuwa shule zilikuwako, na zipo bado. Hazipandwi, zinasukumwa. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani, nyingine husimamishwa nyuma ya kiti, na msukumaji hutembea kando akiwa ameshika zote mbili, mwili umelala kwenye mzigo. Mzigo ni bidoni za mawese zilizofungwa kwa mpira wa tairi, au magunia ya mchele, mawili chini na moja juu. Kupanda mlima anakwenda hatua fupi fupi na shingo imetoka mishipa. Kuteremka ni kubaya zaidi, maana anauvuta mzigo usimkimbie, visigino vikichimba udongo. Wanarudi na chumvi, sabuni, vitenge, betri, dawa. Nchi hii imelishwa na miguu ya watu hao, wakati wa vita na wakati usio wa vita, na sijaona mahali wamewekewa hata bango.

Rafiki yangu alikuwa akija shule pamoja nao. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama hakuwa na nauli ya lori, kwa hiyo likizo ikiisha alimkabidhi kwa wasukumaji, naye akatembea nao siku kadhaa, akiwasaidia kusukuma kwa nyuma kwenye vilima, mfuko wa karanga na mchele kichwani. Alifika Kasongo miguu imevimba na habari za kijiji kimoja kimoja.

Jumamosi tulipopewa ruhusa ya kutoka, sisi tulikwenda kuangalia mpira. Yeye alikwenda sokoni, upande ambako wasukumaji wanafungua mizigo, akakaa juu ya bidoni tupu na daftari magotini. Wengi wao hawakujua kusoma. Aliwasomea barua walizotumiwa na aliwaandikia za kupeleka: za mahari, za deni la mawese, za mtoto aliyezaliwa, za mke aliyerudi kwao. Nilimfuata mara moja nikamsikia akimwambia mtu mzima, kwa adabu kabisa, "Kaka, hili neno ukilipeleka hivi atakasirika, tuliweke hivi." Yule mtu alifikiri, akakubali. Hakuwatoza hata zaire moja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba wao nao hawakumtoza njia.

Mwaka ule tuliagana Julai. Septemba kitanda chake kilikuwa kitupu. Siku za kwanza tulidhani yuko njiani, mvua zimewashika. Kisha akaja msukumaji mmoja mpaka langoni mwa shule, akaomba aitiwe mtu anayekaa dawati moja na mtoto wa Kabambare. Alikuwa amesimama na kofia mkononi. Alisema: "Mwenzako tulimzika Agosti." Alinieleza kwamba ilikuwa homa, na ilikwenda haraka. Baadaye alitoa mfukoni karanga zilizofungwa kwenye kitambaa akaniwekea mkononi, akasema zimetoka kwa mama. Nilirudi darasani kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda, na mwalimu wa hesabu, aliponitazama, aliniacha nikae bila kuniuliza kitu.

Kasongo ya wakati ule ilijulikana kwa waganga wa dunia nzima. Tangu 1971 kulikuwa na mradi wa afya ulioendeshwa na madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, na mwaka 1981 walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Utafiti huo ulizua mjadala mrefu, kwa sababu walihoji kama mtoto anayeokolewa kutoka kwa surua haondolewi baadaye na ugonjwa mwingine. Nimeusoma nikiwa mtu mzima, na ndipo nilipouelewa mshtuko wetu. Maniema nzima iliogopa kwa ajili ya watoto wachanga. Mtoto akifikisha miaka mitano watu walianza kupumua. Akifika kumi walisema amevuka. Kijana wa miaka 16, anayesukuma mzigo vilimani, hakuna aliyekuwa anamwombea. Ndiyo umri ambao kifo hakitarajiwi mlangoni, wala kwenye vitabu vya madaktari.

*

Kabambare ni mji mkongwe kuliko unavyoonekana. Livingstone alifika mwaka 1869, akaandika jina lake Bambarre, na 1870 vidonda vya miguu vikamlaza hapo miezi. Wafanyabiashara wa pwani waliufanya kituo cha njia ya pembe na watumwa, na mwanzoni mwa 1894 Wabelgiji waliuteka kwenye vita vyao na Rumaliza, mmoja wa wafanyabiashara hao. Leo ni makao ya utawala wa eneo, nchi ya Wabangubangu na Wabuyu, nyumba za matofali mabichi, miembe, msikiti, kanisa, watoto wengi mno barabarani. Hakuna aliyenionyesha kaburi la Mwarabu wala alama ya Stanley, nami sikuulizia.

Niliulizia nyumba ya mama wa rafiki yangu, na mtu wa kwanza niliyemwuliza alinipeleka. Nilikuwa nimetuma salamu mapema kwa simu ya mjomba mtu, kwa hiyo walijua. Mama alikuwa ameketi barazani juu ya kiti cha fito, kitenge cha bluu, nywele zote nyeupe. Hakusimama, magoti hayamruhusu tena. Nilichuchumaa nikampa mikono miwili.

"Weye ndiye wa Kasongo?"

"Ndiye, mama."

"Alikuwa anakutaja. Alisema siku moja atakuleta." Alinishika mkono muda mrefu. "Basi umekuja."

Tulikula kwanza: wali, sombe lililoungwa kwa mawese, samaki wa Luama. Mjomba, ambaye naye alisoma Kasongo miaka ya kabla yetu, alinieleza siku zile mbili za Agosti. Kichwa kilianza kuuma asubuhi akitoka shambani. Usiku shingo ikakakamaa, mwanga wa taa ukamuumiza macho. Walitengeneza machela wampeleke zahanati. Alfajiri ya siku ya pili alikuwa hajui watu. Mama alisikiliza yote hayo bila kutikisika. Hayo alikuwa nayo tangu zamani.

Nikamweleza nilivyokuja navyo. Nilimweleza ramani ya mkaa, na kwamba Kabambare ilikuwa katikati ya Afrika na Misri ilipindwa dirishani. Alicheka mpaka akashika ubavu. Nilimweleza ubishi wa Luama. Kisha nikamweleza Jumamosi za sokoni, bidoni tupu, daftari magotini, barua.

Hapo aliniinulia kiganja.

"Barua za nani?"

"Za wasukumaji, mama. Wote wa njia hii."

Alimtazama ndugu yake, na ndugu yake akamtazama yeye. Kisha akanieleza jambo ambalo mimi sikulijua. Baada ya mazishi, wasukumaji waliokuwa wanarudi kutoka Kasongo walikuwa wakipita mlangoni kwake na kuacha chumvi. Wengine sabuni, lakini zaidi chumvi, imefungwa kwenye jani au kipande cha gazeti. Hawakutaka malipo na wengi hawakukaa kunywa maji. Ilikwenda hivyo miaka, mpaka vita vilipoifunga njia. Yeye alidhani wanamheshimu marehemu mume wake, kwa kuwa alikuwa mtu wa watu. Alikuwa amemshukuru mume wake kwa chumvi ile katika sala zake zote.

"Kumbe ilikuwa ya mtoto," alisema.

Alilia kidogo, wazi, bila kujificha, na mjomba akamwachia nafasi. Mimi pia nililia. Kwa miaka mingi chumvi ile ilikuwa kwake na barua zile zilikuwa kwangu, na hakuna aliyekuwa na habari nzima.

Jioni aliniomba nimalizie habari za yule mtoto wa Stanley, maana mwanawe aliwahi kumgusia na akafa kabla hajamweleza mwisho wake. Nilimweleza ninayoyajua. Kwamba muda mfupi kabla ya kufika Kabambare, msafara ulipokuwa unavuka Tanganyika, Kalulu alitoroka na wengine wengi, akatafutwa, akakamatwa kisiwani Kasenge, akarudishwa. Kwa hiyo alipokanyaga hapa alikuwa kijana aliyekwisha kujaribu kuondoka akashindwa.

"Angetorokea hapa," alisema mama. "Tungemficha."

Kwamba kutoka hapa waliifuata Luama mpaka Lualaba, wakaingia mtoni, wakateremka na mto mwaka mpya ukawakuta humo. Na tarehe 28 Machi 1877, chini ya mahali ambapo sasa pana Kinshasa, mtumbwi aliokuwamo ulinyakuliwa na mkondo, ukazungushwa ukingoni mwa maporomoko, ukatumbukia pamoja na waliokuwamo. Stanley aliyapa maporomoko yale jina la Kalulu. Picha zake ziko kwenye majumba ya kumbukumbu ya Ulaya. Lakini katika msafara ule walikuwamo vijana wenzake, kama Majwara, Mganda aliyekuwa kijana wa Livingstone siku za mwisho za maisha yake, waliotembea na Kalulu, waliolala naye moto mmoja, waliojua anacheka nini na anaogopa nini. Hao hawakuulizwa. Karibu yote tunayosoma juu ya Kalulu yameandikwa na aliyempokea kama zawadi.

Mama alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo katika kusoma kwangu kote sikuwahi kulisikia likiulizwa:

"Na mama yake aliambiwa na nani?"

Nilimjibu kwa kadiri ya nilivyosoma. Msafara ulirudi Unguja Novemba 1877. Wazazi, wake na ndugu wa waliokufa walikuja kuchukua mishahara ya watu wao, na hapo walipata habari kutoka kwa wenzao walionusurika. Kalulu hakuwa wa Unguja. Alikuwa ametolewa kwao akiwa mdogo, akapewa mtu Unyanyembe, na njia ya kurudi kwa mama yake ilikwisha kufutwa kabla Stanley hajamwona.

"Ehe," alisema mama, na mkono wake ukaanza kupiga paja taratibu, jinsi wanawake wa huku wanavyofanya kwenye kilio. Aliendelea hivyo kitambo. Sikuhitaji kuuliza ni kwa ajili ya nani.

Wajukuu walikuwa wanarudi kutoka mtoni na ndoo, nywele zimelowa, wasichana wawili na kijana mmoja mrefu ambaye, kwa mabega na mwendo, alinifanya nigeuze uso. Mama aliwaita wote wakae chini, ndoo zikiwa palepale. Akamwambia mjomba alete taa, kisha akanigeukia.

"Ile ya barua," alisema. "Hawa hawajaisikia. Anza na soko."

Nikaanza na soko. Nilipofika kwenye bidoni tupu, yule kijana aliuliza ilikuwa ya mawese au ya mafuta ya taa, na nikamwambia ya mawese, kwa sababu suruali yake ya shule ilikuwa na doa jekundu ambalo sabuni ya Kasongo haikuwahi kulitoa.